Wewe Ndiye Uliyeomba Wembe

Kabambare, Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2024

Faida mwanangu, mama yangu,

Umekwenda kuaga kwa majirani, na najua hutarudi upesi, maana kila nyumba itakukalisha na kila mama atatafuta kitu cha kukufungia ule njiani. Nimeivuta meza mpaka mlangoni nipate mwanga. Kesho asubuhi pikipiki itakuja kukuchukua mpaka Kasongo, na kutoka Kasongo utatafuta njia ya Kindu, kwenye shule ya wauguzi. Mambo ya safari sitayaandika. Mtu aliyeendesha nyumba hii tangu utoto wake, akapika, akalima, akasoma kwa mwanga wa kibatari, hahitaji baba wa kumfundisha namna ya kutunza sabuni na nguo zake.

Naandika kwa sababu ya neno nililolisikia Jumanne. Wewe na rafiki yako Anifa mlikuwa nyuma ya nyumba mnafua. Mimi nilikuwa ndani natafuta tupa ninoe jembe, na dirisha lilikuwa wazi. Anifa alikuuliza kwa nini umechagua kazi ya damu na vilio wakati ungeweza kuwa mwalimu. Kisha nikakusikia ukisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake, "Salumu alikufa sababu ya miye. Ni miye nilimuvalisha, na alikuwa na homa. Nilikuwa mutoto, sikujua."

Nilibaki nimesimama na tupa mkononi mpaka mkaanika nguo zote.

Kwa miaka sita nimejua kwamba watu wa hapa wanasema hivyo. Wajomba zako wa Nyangwe wanasema hivyo. Lakini siku zote nilidhani kwamba ndani yako yuko mtu mmoja anayejua jinsi ilivyokuwa, kama ninavyojua mimi. Nilijifariji kwa hilo, ingawa ni faraja ya aibu: kwamba tuko wawili. Jumanne nikatambua kwamba nimebaki peke yangu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Umeyasikia maneno ya wakubwa mara nyingi mno, mpaka kumbukumbu yako mwenyewe ikawekwa pembeni na ya kwao ikawekwa mahali pake. Na aliyeanza kuiweka ni mimi.

Kwa hiyo nitaandika asubuhi ile jinsi ilivyokuwa, pole pole. Sikuwa msomaji mkubwa; niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, lakini kuandika kile nilichokiona naweza.

Nianze na mdogo wako, kwa sababu naogopa hata yeye umeanza kumkumbuka akiwa amelala tu. Salumu hakuwa mtu wa kulala. Alikuwa na jina la babu yako wa Nyangwe, baba yake mama yako, na kwa hiyo wajomba zako walimwita papa, yaani baba. Walipokuja hapa na samaki wao walimsalimu yeye kwanza kabla yangu. Wanaume wazima wanainama, "Jambo papa," naye anafunga mikono mgongoni na kuwajibu, "Jambo watoto wangu, mumelima?" Hakuna aliyemfundisha. Mama yako alipofariki, Salumu alikuwa na miaka mitatu, na hakubaki na chochote chake kichwani. Siku moja alikuuliza mama alikuwa na sauti gani. Ukamwambia, "Kama ya miye, lakini ya mutu mukubwa." Tangu siku hiyo alikuwa anakuomba uzungumze kama mtu mkubwa, na wewe unakaza koo na kumwita aje kula.

Alipokuwa mwaka wa kwanza, mwalimu wake alitunga mchezo wa ndege kwa ajili ya siku ya kusoma matokeo, ile tunayoiita proklamasyo. Ndege wanakutana kuchagua mkubwa wao. Salumu akapewa kuwa kasuku. Mwalimu aliniambia mtoto huyu hahitaji kufundishwa maneno yake, anahitaji kufundishwa mahali pa kuyaacha. Na kila mzazi atengeneze vazi la mtoto wake nyumbani.

Wengine walikata mabawa ya katoni wakayafunga kwa kamba, ikaisha. Mimi nilisema nitashona. Sikuwa fundi. Mshonaji wa nyumba hii alikuwa mama yako, na sindano zake zilikuwa bado kwenye kopo la maziwa. Lakini niliwaona watoto wenye mama wakija kanisani na nguo zilizokatwa kwa vipimo vyao, na wangu wamevaa mitumba inayowapwaya mabegani. Nilitaka siku moja watu wamtazame Salumu wasione kwamba hana mama. Ilikuwa ni kiburi, Faida. Kiburi cha mtu maskini kinafanana sana na upendo, na mimi mwenyewe mpaka leo siwezi kuvitenganisha vizuri.

Kwa ndani nilikata gunia la nailoni la unga, kwa sababu lilikuwa gumu na lingebeba uzito. Manyoya niliyatoa kwenye suruali yangu ya kijivu, ile ya ndoa. Niliikata vipande vya ukubwa wa kiganja chako, nikavichonga ncha. Nikaanza kushona safu ya kwanza shingoni, ya pili chini yake, ya tatu chini yake. Kila safu ilikaa vibaya. Ncha za juu zilijificha, nyuzi za chini zikaonekana. Nilishona siku nzima, nikaona kasuku wangu amefanana na mkeka uliopasuka.

Ukarudi kutoka kisimani na bidoni ya maji kichwani. Ukatazama bila kuitua. Ukaniuliza, "Baba, weye umeezeka nyumba ngapi hapa Kabambare?"

Nikasema ni nyingi, sizikumbuki.

"Na majani unaanzaka kuyapanga wapi?"

Ukajibu mwenyewe, "Chini. Unaanzaka chini, unapanda." Na hapo ukacheka mpaka maji yakamwagika usoni kwako na ikabidi utue. Ulinicheka wiki nzima. Ukipita unaniuliza kama mvua itaingia kwa kasuku. Ukawaambia rafiki zako kwamba baba yako anajua kuezeka nyumba lakini kuezeka mtoto kumemshinda. Tulifumua safu zote, tukakaa wawili kwenye jamvi, tukashona kutoka pindo kwenda juu, wewe upande wa kushoto, mimi wa kulia. Sijui kama unakumbuka siku zile. Mimi nikizikumbuka nadhani ndizo siku za mwisho ambazo ulinitazama bila kufikiri kwanza.

Mkia ulitaka kuwa mwekundu. Sikukuomba. Ulikwenda mwenyewe kwenye sanduku ukatoa kikwembe chekundu cha mama yako, kile kitenge cha kundi lake la kina mama wa parokia, ukanipa, halafu ukageukia ukuta wakati nakata. Mdomo niliutengeneza kwa kipande cha kibuyu nilichokipaka masizi, na Salumu alikuwa anaulamba kila akipewa kujaribu, ulimi ukawa mweusi, mwalimu akauliza mtoto anakula nini. Tulimsimamisha juu ya kinu kilichogeuzwa ili tumpime. Nikamchoma na sindano kwenye ubavu. Hakulia. Alisema tu, "Baba, miye si kitambaa."

Sasa asubuhi yenyewe.

Alichelewa kuamka. Wewe ulimpa chai na muhogo, akaacha vyote. Ulikuja kuniambia, "Salumu hakunywa chai." Nikasema ni furaha ya mchezo, mtoto mwenye furaha hali. Hilo ni la kwanza. Uliona, ukasema.

Vazi lilikuwa limeisha isipokuwa mgongoni. Nilikuwa nimeweka zipu niliyoitoa kwenye mfuko wa zamani, na asubuhi ile ikakatika meno. Vifungo havikuwepo. Basi nikamvalisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikamsimamisha juu ya kinu, nikaanza kumshonea nguo mwilini, kutoka kiunoni mpaka shingoni, ili ikae vizuri. Wewe wakati huo ulikuwa nje unachana nywele zako, kwa sababu nilikuwa nimekuambia uvae gauni la Jumapili. Hukuwemo ndani. Hukugusa vazi lile asubuhi hiyo. Soma sentensi hii mara mbili, mama.

Na hili linalofuata hulijui, kwa sababu sijapata kumwambia mtu. Nilipofika karibu na shingo, vidole vyangu viligusa ngozi yake. Nilisikia joto. Nililijua joto lile ni la namna gani. Nilikuwa nimelishika kwenye paji la mama yako siku zake za mwisho. Niliacha kushona kidogo. Kisha nikaendelea, mishono sita, saba, nikafunga fundo. Kwa hiyo ulipoingia na kuweka mkono wako kwenye shavu lake, chini ya mdomo wa kibuyu, ukasema, "Baba, mutoto iko moto. Tumuvue," hukuniambia jambo jipya. Nilikuwa najua kabla yako.

Nilisema ni gunia ndilo linaloleta joto. Ukasema, "Basi leta wembe, nikate uzi." Wembe ulikuwa mkononi mwangu, ndio niliokuwa nakatia nyuzi. Niliutia kwenye mfuko wa shati. Nikakuambia, "Utakata kazi ya siku kumi na moja? Watu wanangoja." Ukaomba mara ya pili. Ukasema, "Baba, nitamushonea tena miye mwenyewe." Nikatazama ile mishono, nikamtazama mtoto, na nikachagua mishono. Hukuomba mara ya tatu, kwa sababu wewe ulikuwa mtoto wa heshima, na mimi ndiye niliyekulea uwe hivyo. Nikasema mshike mkono mwende.

Ndivyo watu walivyowaona. Wewe na gauni lako la Jumapili, umemshika kasuku mkono, mnaingia uwanja wa shule. Mimi nilikuwa nyuma, nimesimama njiani na wanaume wawili tunazungumza habari za mihogo. Kwa macho ya watu, aliyemleta ni wewe.

Mchezo ulifanyika juani. Ilipofika zamu yake alitakiwa kusema maneno matatu. Alisema la kwanza. Halafu akaanza kutetemeka, na kwa sababu tulikuwa tumeshona vizuri, safu juu ya safu, manyoya yote yalitetemeka pamoja naye kutoka pindo mpaka shingoni. Watu walifurahi sana. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mtu nyuma yangu alisema, "Angalia vile kasuku anakung'uta manyoya, huyu mutoto ni fundi." Na mimi nilipiga makofi. Nilikuwa najua, na nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Wewe hukupiga. Wewe ulikuwa umeshaanza kuruka mabenchi. Ulimfikia kabla ya mwalimu, akaangukia mikononi mwako.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alilipasua vazi kwa makasi kutoka mbele. Akaniuliza homa ilianza lini. Nikasema, "Sasa hivi tu, pale uwanjani." Ulikuwa umesimama karibu na mlango. Uliniangalia. Sikuyaona macho yako vizuri, nilikuwa natazama sakafu, lakini nilijua unaniangalia. Kabla ya jua kuzama Salumu alikuwa amefariki. Sitaandika zaidi hapo.

Nimewauliza watu wanaojua mambo ya dawa kama angepona iwapo ningekata uzi asubuhi. Wengine wamesema ndiyo, wengine wamesema malaria ya namna ile haingoji mtu. Wewe utajifunza huko Kindu, na utafika siku utajua jibu. Usiniandikie kuniambia.

Kwetu, unajua, mtoto akifa, upande wa mama huja kuuliza. Si ugomvi, ni haki yao. Wao wanakaa kwenye viti, baba wa mtoto anakaa chini kwenye mkeka, na anaeleza namna mtoto wao alivyomfia mikononi. Wajomba zako walifika kutoka Nyangwe siku ya nne ya kilio. Walikuwa na huzuni mara mbili, kwa mtoto na kwa jina la baba yao. Na tangu mama yako afariki walikuwa wananung'unika kwamba nilichelewa kumpeleka hospitali, na walikuwa na haki ya kunung'unika.

Asubuhi hiyo shangazi yako Josefina, dada yangu, alinifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa naoga. Alisema nami akiwa upande wa pili wa ukuta wa majani. "Kaka, wakijua ulikuwa nyumbani, watasema umeua wawili. Watabeba Faida waende naye. Sema ulikuwa shamba wakati anavalishwa." Maji yalikuwa yanaingia machoni na nilikuwa nafikiri nyumba hii bila mtu hata mmoja ndani.

Mjomba Bilali ndiye aliyeuliza. Hakuuliza kwa hasira. "Shemeji, papa yetu alifikaje mbele ya watu na homa mwilini? Nani alimuvalisha?"

Nikasema, "Miye nilikuwa shamba. Dada yake ndiye alimuvalisha."

Ulikuwa unapita na beseni na birika, unawanawisha watu mikono kabla ya chakula. Ulisikia. Najua ulisikia kwa sababu birika lilisimama hewani kidogo. Halafu ukaendelea na mstari, mtu baada ya mtu, mpaka mwisho. Mwisho wa mstari nilikuwa mimi. Ukanimiminia maji, nikanawa.

Mjomba Bilali alitikisa kichwa akasema, "Mutoto kwa mutoto. Tutamulaumu nani?" Hawakukasirika. Kwa mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili asiye na mama, hawakuweza kukasirika. Walikula, wakalala, wakarudi kwao Nyangwe, wakakuacha kwangu. Hicho ndicho nilichokitaka, na nilikipata. Ulibaki. Lakini aliyebaki hakuwa yule aliyekuwa akiniuliza kama mvua itaingia kwa kasuku.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ingawa niliyaona. Niliona mama jirani, ambaye mtoto wake ulikuwa unambeba kila jioni, akianza kutwanga na mtoto mgongoni kwake. Hakusema neno baya. Alisema tu kwamba mtoto amezoea. Niliona kwamba kanisani hakuna aliyekupokeza mtoto akitaka kwenda nje. Miaka sita, Faida, sijakuona na mtoto wa mtu mikononi. Nilingoja siku utakayonipigia kelele. Nilikuwa nimejiandaa. Ukichelewa kurudi kutoka kisimani nilikuwa nasema labda ni leo. Hukuja na kelele, ulikuja na maji. Nami nikakuacha usome wakati wasichana wengine wanaolewa, nikakulimia, nikakutafutia viatu, na watu wakasema Baba Faida ni baba wa mfano. Sikuwakatalia. Kusifiwa kwa uongo kunazoeleka kama chumvi.

Shangazi yako alizikwa mwaka juzi. Akawa amekwenda na sehemu yake ya uongo ule.

Karatasi ya shule yako ilipofika mwezi wa nane, nilikuambia naenda Kasongo kutafuta mbegu. Nilikwenda Nyangwe. Nilimkuta Mjomba Bilali anashona nyavu kando ya mto, macho yamepungua, anashona kwa kupapasa. Niliwaomba waniitie ndugu wote. Nikakaa chini kwenye mkeka bila kuambiwa, nikaeleza kila kitu kama nilivyokiandika hapa, isipokuwa lile joto la shingoni. Hilo lilinishinda kinywani. Nilisema niliyemvalisha ni mimi. Nilisema mtoto aliomba wembe nikamnyima. Nilisema nilidanganya mbele yao kwa kuogopa kwamba watamchukua.

Mjomba Bilali akanyoosha mkono akanitafuta bega.

"Shemeji, weye ni mutu muzuri. Mutoto anaenda kusoma, unataka aende mwepesi, unabeba ya kwake. Baba yeyote angefanya hivi. Lakini sisi tulishamusamehe Faida zamani."

Nikasema hapana, sikilizeni. Nikarudia. Mdogo wake Bilali akasema, "Muache, machozi yanamusumbua." Kadiri nilivyosema ndivyo walivyonipenda. Wakanipa samaki waliokaushwa, wakanisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilirudi na samaki. Uliwala, ukasema ni watamu, ukaniuliza kama siku hizi Kasongo wanauza samaki wa Nyangwe. Nikasema ndiyo. Hata siku ile nilikudanganya.

Nilijaribu hapa pia, kwa yule mama jirani. Alifuta macho kwa ncha ya kikwembe akasema, "Baba Faida, weye uko na roho." Nikaona hakuna mahali pa kuiweka kweli hii. Uongo niliusema mara moja ukapokewa na kila mtu. Kweli nimeisema mara mbili, wameniambia nina roho nzuri. Sitarajii itabadilika. Siku nikifa watakuja watu wengi, na mmoja atasimama aseme namna nilivyomlea msichana aliyemvalisha mdogo wake.

Kwa hiyo nimekuandikia wewe. Karatasi hii ina mkono wangu na jina langu. Ukitaka kumwonyesha mtu, mwonyeshe. Ukitaka kuichoma, ni yako. Sijui kama itakusaidia. Nadhani imechelewa. Mtu aliyekaa na neno miaka sita haliachi kwa sababu ya karatasi tatu za daftari. Hata mimi nikisoma nilichoandika, sioni kwamba kimerudisha kitu. Sikuombi msamaha, maana ukinipa nitakuwa nimekuchukulia na hicho.

Kuhusu kazi unayokwenda kujifunza nina neno moja tu, nalo nimelipata kwa njia mbaya. Watu watakuletea watoto na kukuambia imeanza sasa hivi tu. Usiwaamini, na usiwafokee. Watakuwa wanatazama sakafu. Mgeukie yule mtoto mwingine aliyesimama karibu na mlango ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, umuulize yeye. Muulize mbele ya baba yake. Kama siku ile muuguzi angekugeukia wewe, nadhani ungesema, na mimi ningekuwa nimeokolewa na mengi.

Nasikia sauti yako njiani, unaagana na mtu. Nitaikunja karatasi hii niiweke ndani ya kitabu chako cha biolojia, sitakupa mkononi, sina uso wa kukupa mkononi. Kesho mbele ya dereva nitafunga mizigo yako nikiangalia kamba tu. Usidhani ni ukavu wa moyo.

Baada ya hapo nitabaki na nyumba. Watu wakinitembelea watanikumbuka kama wanavyotaka, baba mpole aliyeonewa na maisha, na sitaweza kuwazuia. Duniani umebaki wewe tu unayeweza kunijua nilivyokuwa asubuhi ile. Ukifika huko, na mambo yakiwa mengi, na miaka ikipita bila wewe kurudi, naomba unikumbuke. Usinikumbuke kama wao. Unikumbuke mimi.

Baba yako